Daftari la Nyufa

Ufa wa kwanza ulitokea jikoni kwa Kageha,
juu ya rafu ya masufuria, mwembamba kama unywele wa mtoto.
Aliuwekea alama ya penseli na tarehe:
Jumanne, saa nne na robo,
mtambo ulipoanza kushindilia nguzo
ng'ambo ya ukuta wa mabati.

Wahenga walituachia onyo, tukalikariri shuleni:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Lakini Apondi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama,
alitukataza kuziba.
"Ukiupaka saruji umezika ushahidi.
Uacheni wazi. Upimeni."

Tukaupima.
Tulinunua daftari la kurasa tisini na sita,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
likawa linahama nyumba hadi nyumba
kama kitoto kichanga kinachopakatwa kwa zamu.

Halkano, bawabu wa usiku, aliandika malori:
saa saba, matatu; saa nane kasoro, mawili,
moja halina taa.
Mama Mutheu aliandika vumbi.
Asubuhi aliweka sahani nyeupe dirishani,
jioni akaandika juu yake, kwa kidole, jina la mwanawe,
na jina likasomeka.
Mutheu mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la tatu:
Leo nimekohoa mara kumi na nne.
Kisha akafuta nne, akaandika tano,
maana alikohoa tena akiandika.

Hatukupinga nyumba.
Nani apinge nyumba katika Nairobi hii
ambamo godoro moja hulaliwa kwa zamu?
Watakaopanda kule juu ni watu,
na baadhi ni ndugu zetu.
Tulichodai kilikuwa kidogo,
kama mkono unaobisha hodi kabla ya kuingia.

Siku ya kikao, mhandisi Githuku alibandika picha ubaoni:
majengo meupe, anga bila wingu,
watu warefu wanaotembea bila mizigo.
Kageha akainuka. "Na kwetu ni wapi hapo?"
Kidole cha mhandisi kilizunguka, kikasita,
kikatua kwenye rangi ya kijani.
Tulikuwa tumechorwa nyasi.

Ndipo Apondi akafungua daftari.
Alisoma dakika arobaini, hakupaza sauti hata mara moja.
Mhandisi alikuwa akichungulia simu yake
mpaka tulipofika ukurasa wa kikohozi.

Sasa karatasi imebandikwa langoni, ina mhuri:
mtambo usilie baada ya saa kumi na mbili jioni,
barabara imwagiwe maji mara tatu kwa siku,
malori yasubiri watoto wavuke kwenda shule,
na nyufa zote kumi na saba
zitazibwa kwa gharama yao, kazi ikiisha.
Kuhusu mfereji wetu uliokauka wameandika tutaangalia,
na hadi leo wanaangalia.

Wapo waliotucheka,
eti tumeuza vita kwa bei ya ndoo ya maji.
Kageha hakuwajibu.
Usiku ule alilala, akachelewa kuamka,
na uji wa mteja wake wa kwanza ukaungua.

Jengo limefika ghorofa ya tisa.
Jana nilikuwa naanua nguo
nikashika sare ya Mutheu, mbichi bado,
nikatazama juu.
Tulihesabu kelele, vumbi, magurudumu.
Hakuna aliyekumbuka kuandika jua.

Nimelichukua daftari. Zimebaki kurasa sita.
Nimechora mstari, nikaandika:

Kivuli kwenye kamba ya nguo.
Juzi: saa tisa na dakika tano.
Leo: saa tisa kasoro kumi.